MAJI HAYAJUI MPAKA

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii twaijua sote, na kila mmoja wetu aisikiapo humkumbuka mgema fulani ambaye si yeye mwenyewe. Karani humkumbuka karani mwenziwe, mkulima humkumbuka jirani yake, na mwalimu humkumbuka mwalimu mkuu. Basi juma hili nataka tuzungumze habari za ugonjwa huu wa kujiona, na dawa yake. Nami sitautafuta katika baraza ambamo watu hushindana kwa maneno, bali mahali unapoonekana waziwazi kuliko pote, yaani katika shamba lililo juu ya mteremko, siku ile mvua inapoanza kunyesha.

Nimechagua vilima vya Ukambani, katika nchi ya Machakos na Makueni, kwa sababu habari zake zimeandikwa na kupimwa kwa miaka mingi, na kwa sababu wakulima wa huko walijifunza kwa taabu jambo ambalo sisi wa maofisini tungali tunajifunza. Ndugu zangu wa huko watanisamehe nikiwaeleza wengine mambo ambayo wao wameyajua tangu utoto.

Nchi ile ni ya miteremko, na mvua yake ni ya kubahatisha. Hunyesha mara mbili kwa mwaka, masika kuanzia mwezi wa Machi na vuli kuanzia mwezi wa Oktoba, nayo mara nyingi huja kwa kishindo, juu ya udongo mkavu usio na majani ya kuufunika. Maji yasipozuiwa hushuka mbio, wala hayashuki peke yake, bali huchukua pamoja nayo udongo wa juu, ule wenye rutuba, na kumwachia mwenye shamba mawe na makorongo. Dawa yake ni matuta. Mkulima huchimba mtaro wa kukata mteremko, akifuata usawa wa ardhi, kina chake yapata sentimita 60 na upana wake kadhalika. Udongo unaotoka mtaroni ukitupwa upande wa juu, kazi hiyo huitwa fanya juu. Ukitupwa upande wa chini, huitwa fanya chini. Maneno haya ni ya Kiswahili chetu wenyewe, na leo wataalamu wa nchi za mbali huyaandika vivyo hivyo katika vitabu vyao, bila kuyatafsiri.

Kutupa udongo juu ni kazi nzito kuliko kuutupa chini, kama ajuavyo kila mtu aliyeshika sepeto. Walakini tuta la fanya juu hukinga udongo unaoshuka, na baada ya misimu kadhaa ardhi iliyo nyuma yake hujaa na kusawazika, hata kilima kizima kikawa kama ngazi. Mkulima aliyeanza na mteremko mkali hujikuta analima mahali palipolala.

Pengine msomaji atauliza, haya yahusuje majivuno? Naomba astahimili kidogo, afikiri mashamba matatu yaliyopangana juu ya kilima kimoja, la juu, la kati na la chini. Mwenye shamba la kati tumwite Bwana Mimi. Bwana Mimi ni mtu wa bidii, hilo hatutamnyima. Amesoma, ana akiba, naye amechimba matuta mazuri kupita ya wote, akayapanda majani ya napia juu yake, na kila mgeni apitaye husimama akayasifu. Lakini jirani yake wa juu hazungumzi naye. Amwona kuwa ni mtu duni, asiyejua kusoma, mwenye shamba la hovyo. Kumwendea mtu wa namna hiyo na kumwambia, "Jirani, tushauriane habari za maji," ni jambo ambalo Bwana Mimi hawezi, kwa kuwa aona ni kujishusha.

Mvua inanyesha. Maji ya shamba la juu, yasiyozuiwa na kitu, yanakusanyika na kulishukia tuta la kwanza la Bwana Mimi. Tuta linajaa, linafurika, linakatika. Sasa yale maji yaliyokuwa yametulia nyuma ya tuta yanatoka yote pamoja kwa mahali pamoja, nayo yana nguvu zaidi kuliko kama pasingekuwapo tuta lolote. Yanalivunja la pili, na la tatu, na asubuhi udongo wa Bwana Mimi umelala katika shamba la jirani wa chini, pamoja na mbegu zake. Maji hayajui mpaka, wala hayasomi cheti cha kumiliki ardhi. Hayakuuliza ni nani msomi wala ni nani mjinga.

Nataka tuone vema kosa la Bwana Mimi lilikuwa wapi. Hakuwa mvivu, wala hakukosa elimu ya kilimo. Alilokosa ni kujua ya kuwa kazi yake inaanzia katika shamba la mtu mwingine. Watu hudhani kushirikiana ni wema tu, sadaka anayoitoa mtu mwenye moyo mzuri. Kwenye mteremko kushirikiana ni hesabu. Aliye chini humtegemea aliye juu, apende asipende, na mwenye kiburi hulipa kwa udongo wake mwenyewe.

Lakini tusidhani ya kuwa Bwana Mimi hukaa mashambani tu. Katika habari za Ukambani alikaa pia katika kiti cha serikali. Mwaka 1937 ofisa mmoja wa kilimo, Colin Maher, aliandika taarifa juu ya nchi ya Machakos, akaeleza jinsi udongo ulivyoharibika vibaya. Ubaya huo ulikuwa wa kweli. Lakini watawala wa wakati ule, badala ya kuketi na wenye nchi wakashauriana nao, waliona kuwa dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa na kuuzwa wenyewe wasipende. Watu kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi wakakaa huko kwa majuma kadhaa, wakitaka Gavana awasikilize. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu. Walakini amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu ilibidi iondolewe.

Baada ya Vita Kuu ya pili ikaja amri nyingine, ya kuchimba matuta. Machifu waliwatoa watu kwenda kazini kwa siku maalumu, na asiyefika alitozwa faini. Huko Murang'a mwaka 1947 watu walikataa kazi hiyo, na malalamiko ya wanawake, ambao ndio hasa waliobeba mzigo wake, yalikuwa makubwa. Na uhuru ulipopatikana mwaka 1963, sehemu nyingi watu waliyaacha matuta yabomoke, kwa kuwa yaliwakumbusha filimbi ya askari. Tuta lilikuwa ni lile lile, na faida yake kwa udongo ni ile ile. Lakini mtu hatunzi kwa moyo kitu alicholazimishwa kukifanya na mwingine anayejiona kuwa ndiye pekee mwenye akili. Mwenye elimu asiyeuliza naye ni Bwana Mimi, hata kama elimu yake ni ya kweli.

Basi ni nini kilichobadilisha mambo? Wakamba wana desturi ya kale iitwayo mwethya, ambayo ni ndugu wa ngwatio ya Wakikuyu na saga ya Wajaluo. Majirani hukusanyika wakaenda kumsaidia mmoja wao kulima au kujenga, kisha wakamwendea wa pili, na wa tatu, hata wote wakafikiwa. Katika miaka ya 1950 desturi hii ilianza kutumiwa katika kazi ya matuta, vikundi vikichagua viongozi wake vyenyewe, na wengi wa wanachama wakiwa ni wanawake, kwani waume zao wengi walikuwa wamekwenda kufanya kazi mijini na katika mashamba ya walowezi. Ikawa kazi hailetwi tena na filimbi, bali na zamu. Na hata baada ya ule mlegeo wa miaka ya mwanzo ya uhuru, watu walirudia matuta kwa hiari yao, safari hii pasipo faini.

Matokeo yake yamehesabiwa. Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya nchi ya Machakos kama ilivyokuwa kabla ya Makueni kutengwa nayo. Walionyesha ya kuwa watu, waliokuwa yapata 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930, walikuwa wamefika karibu 1,400,000 kufikia mwaka 1990. Wataalamu wa zamani wangetabiri jangwa. Lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti ilikuwa imeongezeka, na mavuno ya nchi, yakigawanywa kwa idadi ya watu, yalikuwa yamepanda yapata mara tatu. Sababu zake zilikuwa nyingi, kama vile barabara, masoko, shule, na fedha zilizotumwa nyumbani na waliofanya kazi mijini. Walakini pasipo matuta, hayo mengine yangalijengwa juu ya udongo usiokuwapo.

Sasa tuitazame zamu yenyewe, kwani humo ndimo dawa ilimo. Leo sisi kumi twaenda kwa Mama Fulani. Shamba ni lake, mahindi yatakayoota ni yake, na mimi sitapata hata gunzi. Juma lijalo twaenda kwa mwingine, na jina langu ni la nane. Hapana budi nichimbe mara saba katika mashamba ya watu kabla sijaona jembe moja likiingia katika langu. Mtu aweza kusikiliza mahubiri juu ya unyenyekevu mwaka mzima asibadilike hata kidogo. Lakini akichimba mara saba katika shamba la mwenziwe, mkono wake humfundisha jambo ambalo sikio lilikataa. Hujifunza pia ya kuwa yule aliyemdharau huchimba sawasawa kuliko yeye, na ya kuwa yule bibi asiyejua kusoma hulijua jiwe lililofichika chini ya udongo kwa mlio wa jembe tu.

Na zamu ina jambo lingine jema. Haiulizi leo unajisikiaje. Tungesema, "Tutasaidiana wakati moyo utakapotutuma," tungesaidiana siku ya kwanza tu, yenye nyimbo na chakula. Moyo wa mwanadamu hupanda na kushuka kama bei ya kahawa. Desturi yenye siku yake na saa yake hutubeba siku zile ambazo moyo umelala. Ndiyo maana nathubutu kusema ya kuwa nia njema isiyo na siku maalumu ni maneno matupu.

Tena kuchimba si mwisho. Kila baada ya mvua, hapana budi mtu azunguke matuta yake na jembe begani. Hapa fuko ametoboa, pale ng'ombe wamekanyaga, kule maji yamelamba ukingo. Ni kazi ya nusu saa, wala hapana mgeni atakayekuja kuitazama. Siku ya kuchimba tuta jipya pengine chifu huja, na picha hupigwa. Siku ya kuziba tundu la fuko huji ila wewe na mbwa wako. Bwana Mimi huipenda siku ya kwanza na kuichukia ya pili. Nao ufa asiouziba, wazee walisema, utamjengesha ukuta.

Nirudi sasa kwetu makarani, tusije tukajiona kuwa tumesalimika kwa sababu hatuna matope viatuni. Ofisi nayo ni mteremko. Barua huingia kwa mmoja, husajiliwa na wa pili, huandikiwa jibu na wa tatu, hutiwa sahihi na wa nne. Kila mmoja ni shamba la chini la mwenziwe. Namjua karani mmoja wa masjala, mtu hodari sana, aliyeweza kuitoa faili yoyote kwa dakika moja, hata wakubwa wakamsifu mbele za watu. Tangu siku ile ya kusifiwa akaanza kuziweka faili kwa utaratibu wa kichwa chake mwenyewe, wala hakuuandika mahali popote. Mwenziwe akimwuliza, hucheka akasema, "Niulizeni mimi." Alitaka asikosekane, na kweli ikawa hivyo.

Kisha akapata likizo, akaenda kwao kwa siku thelathini. Katika siku hizo alikuja mama mmoja mjane kutoka mbali, kuuliza habari za malipo ya marehemu mumewe. Hati zote zilikuwa zimekamilika, zilikuwamo humo humo chumbani, labda hatua tano kutoka mahali alipoketi. Hapana aliyeweza kuziona. Akaambiwa arudi juma lijalo, akarudi. Akaambiwa arudi tena, akarudi. Mara ya tatu alikuja na mtoto mgonjwa mgongoni, na fedha za nauli alikuwa amezikopa. Karani aliporudi aliitoa ile faili kwa dakika moja, kama kawaida yake, akatazama huku na huku asifiwe. Watu walinyamaza. Yule mama alipokea haki yake, lakini nauli za safari zile hapana aliyemrudishia.

Twaona basi ya kuwa sifa ilimharibu mtu aliyekuwa mwema. Hodari wa kweli katika masjala ni yule ambaye akiondoka ghafula leo, kesho mgeni aweza kuketi katika kiti chake akafuata maandishi yake bila kupotea. Kazi yake haionekani, kwani mambo yakienda vizuri watu hudhani yamekwenda yenyewe. Ni kama tuta lisilokatika. Halimshangazi mtu yeyote, hata siku moja.

Huenda msomaji mmoja akanijibu, "Wewe wataka tusiwe na nafsi? Mtu asijitahidi akapata jina lake?" La, sivyo. Mwethya haikufuta mipaka ya mashamba. Kila mtu alibaki na lake, akapanda alichokitaka, huyu maembe, huyu machungwa, huyu kahawa au mboga za kuuza Nairobi, na aliyekuwa na akili ya kubuni alitangulia wenziwe akavuna zaidi. Kuipenda kazi yako na kuona fahari ukiitazama ni jambo jema. Asiyeona fahari hiyo huchimba tuta kombo. Tofauti yake na majivuno ni hii. Mwenye fahari huitazama kazi, na akiambiwa kuwa ina ufa, huchukua jembe. Mwenye majivuno huwatazama watu wanaomtazama, na akiambiwa habari za ufa, humkasirikia aliyemwambia. Basi ukitaka kujipima, usijiulize kama u mnyenyekevu, maana jibu utalipenda mno. Jiulize ni lini mara ya mwisho mtu alikuonyesha ufa katika kazi yako, na ukamjibu nini. Na kama ni muda mrefu hapana aliyekuonyesha, usifurahi upesi. Yawezekana watu wamekata tamaa nawe.

Kwa hiyo natoa shauri la mambo matatu, mepesi kuyasema. Kwanza, wewe mkulima, kabla ya mvua kuanza panda kwa jirani wa juu, hata kama hamjasalimiana tangu mwaka jana, mkayatazame maji yatakapopita. Kisha shuka kwa jirani wa chini, ukamwulize maji yako yanamfanyia nini. Hili la pili ndilo gumu zaidi, na ndilo linalosahauliwa. Pili, wewe karani, mwalimu au mweka hazina wa chama, andika kazi yako kwa namna ambayo mwingine ataifuata, na umwonyeshe mmoja wa wenzio mahali ulipoiandika. Tatu, kila mtu ajichagulie zamu moja ndogo isiyo na mtazamaji, aipe siku yake katika juma, akaishike kwa mwaka mzima. Asimwambie mtu. Mwaka ukiisha atakuwa amebadilika, kama ardhi iliyo nyuma ya tuta inavyobadilika, kwa udongo kidogo unaobaki kila mvua inyeshapo.

Mvua za vuli huanza mwezi wa Oktoba. Atakayekwenda kwa jirani yake mwezi wa Septemba watazungumza habari za mtaro. Atakayengoja hata Novemba watazungumza habari za fidia, na pengine mbele ya chifu.